Simu Ngapi kwa Seva Moja? Mjadala wa Meru na Embu

Seva ya intaneti ya kupiga simu ni kompyuta inayopokea simu. Modemu ya mteja hupiga namba, modemu ya kituoni huitika, zikapigiana miluzi kwa nusu dakika hivi hadi zielewane kasi, kisha data huanza kupita. Tangu hapo mpaka anapokata, mteja huyo ameshika peke yake laini moja ya simu, modemu moja na mlango mmoja wa seva. Mwenzake akitaka kuingia wakati huohuo, lazima apate vitatu vingine. Kwa hiyo idadi ya simu ambazo seva moja inaweza kubeba ilikuwa suala la fedha kabla ya kuwa la ufundi, na kadiri mtu alivyokuwa mbali na Nairobi ndivyo suala hilo lilivyokuwa zito.

Intaneti ilianza kuuzwa kwa umma jijini Nairobi katikati ya miaka ya 1990. Mwaka 1998 Shirika la Posta na Simu la Kenya lilianzisha Jambonet, njia kuu ya data ya kutoka nchini, na mwaka 1999 shirika lenyewe likagawanywa, huduma ya simu ikabaki kwa Telkom Kenya. Wateja wa upande wa Mlima Kenya walikuwepo. Embu ilikuwa makao makuu ya Mkoa wa Mashariki, yenye ofisi za serikali na kituo cha utafiti wa kilimo. Meru ilikuwa na biashara ya miraa, chai na kahawa, hospitali za misheni kama zile za Maua, Nkubu na Chogoria, na tangu 1997 Chuo Kikuu cha Methodist. Kilichowazuia ni bei ya simu. Msimbo wa Meru ni 064 na wa Embu ni 068, na aliyepiga modemu ya Nairobi kutoka huko alilipa simu ya masafa kwa kila dakika aliyosoma barua zake. Dawa ilikuwa kuweka modemu mjini penyewe, ili mteja apige namba ya kwao, kituo nacho kibebe data hadi Nairobi kwa laini ya kukodi. Mara tu wazo hilo lilipowekwa mezani, ubishi ulianza.

Mjadala unapangwa hapa kwa sauti tatu. Si watu fulani. Ni misimamo ambayo mpangaji wa kituo cha namna hiyo hawezi kuikwepa. Kuna mama mwenye mtaji, anayetaka kufungua kituo Meru na baadaye Embu. Kuna fundi kijana, mjuzi wa kompyuta. Na kuna mzee aliyestaafu kutoka Posta, kama watu walivyoendelea kuliita shirika la simu, ambaye kwa miaka mingi alihudumia mitambo ya kituo cha simu.

Mama ndiye anayeanza. "Kompyuta ninayo, ni Pentium mpya. Inafanya hesabu za duka zima bila kuhema. Nataka modemu ishirini nyuma yake. Kuna ubaya gani?"

"Mama, akili inayo ya kutosha," fundi anajibu. "Ilichokosa ni masikio."

Jibu la fundi linahitaji kufafanuliwa, kwa kuwa hapa ndipo kompyuta ya kawaida inapogonga ukuta wake wa kwanza. Kompyuta ya aina ya PC ilitoka kiwandani na milango miwili ya mfululizo, ile ambayo modemu huchomekwa, na muundo wake ulitenga nafasi ya milango minne tu. Hata minne hiyo haikuwa huru. Kila mlango ukipokea data hutuma ishara ya kuikatiza prosesa kazi ili ije kuichukua, na nyaya za ishara hizo, yaani mikatizo, zilikuwa 16 katika kompyuta nzima, nyingi zikiwa zimeshachukuliwa na diski, kibodi, saa na vinginevyo. Mlango wa kwanza na wa tatu ilitumia mkatizo namba 4. Wa pili na wa nne, namba 3. Kwenye kadi za zamani vifaa viwili kutumia mkatizo mmoja kwa wakati mmoja kulileta mgongano, na modemu moja iliganda nyingine ilipoanza kuzungumza. Kwa hesabu hiyo, Pentium ya mama, pamoja na upya wake, ilikuwa na uhakika wa wateja wawili.

Kuna kadi zinazovunja ukuta huo. Kadi ya milango 8 au 16 huchomekwa ndani ya kompyuta, hutumia mkatizo mmoja kwa milango yote, na programu yake huuliza ni mlango upi ulioita. Mama akisikia hivyo huona mjadala umekwisha. Lakini fundi ana jambo la pili, nalo ni chipu inayokaa nyuma ya kila mlango.

Modemu ya biti 33,600 kwa sekunde hubana maandishi kabla ya kuyatuma, na yakifunguliwa upande wa pili huweza kuongezeka hata mara nne. Kwa sababu hiyo mlango kati ya modemu na kompyuta huwekwa kwenye kasi ya biti 115,200 kwa sekunde. Kila baiti husafiri na biti ya kufungua na ya kufunga, jumla biti 10, kwa hiyo baiti 11,520 zinaweza kuingia kila sekunde, moja kila baada ya takribani sehemu 87 za milioni ya sekunde. Chipu za kale, 8250 na 16450, zilikuwa na nafasi ya kuhifadhi baiti moja tu. Prosesa ikichelewa kwa muda huo mdogo, kwa mfano diski inapoandika na kufunga mikatizo mingine, baiti inayofuata huikanyaga iliyotangulia. Mteja haoni lolote ila ukurasa unaosimama, kwa kuwa pakiti iliyoharibika inabidi itumwe upya. Chipu ya 16550A ilikuja na ghala la baiti 16. Ikiwekwa iite prosesa baiti 14 zinapojaa, mikatizo hushuka kutoka 11,520 hadi takribani 820 kwa sekunde. Ikiita kwenye baiti 8, mikatizo ni 1,440, lakini prosesa hupata muda mrefu zaidi wa kufika kabla ghala halijafurika. Kwa seva yenye kazi nyingine, mpango huo wa pili ndio bora.

"Zidisha sasa kwa milango 16," anasema fundi. "Kwa chipu ya kale ni mikatizo zaidi ya 184,000 kila sekunde, nayo hiyo kompyuta haiiwezi. Kwa chipu mpya ni kati ya 13,000 na 23,000. Hapo inafanya kazi, lakini inatoka jasho. Ndiyo sababu nashauri kadi yenye prosesa yake yenyewe na kumbukumbu yake, inayokusanya baiti za milango yote na kuikabidhi kompyuta mzigo uliofungwa."

Mama anauliza kwa nini basi asinunue kifaa kilichotengenezwa kwa kazi hiyo pekee. Swali lake ni zuri. Kampuni ya Livingston ya Marekani ilikuwa na PortMaster 2, kisanduku chenye milango hadi 30, kisicho na diski wala skrini, kinachopokea simu na kupeleka data kwenye mtandao wa ofisi. Majina na maneno ya siri ya wateja hukaa kwenye kompyuta nyingine, na kisanduku huyauliza kwa utaratibu wa RADIUS, ambao Livingston wenyewe ndio walioubuni na ambao hadi leo unatumika duniani kote. Ubora wake ni utulivu: hakina diski ya kuoza, na kompyuta ya barua ikizimika, walio hewani hawakatwi. Ubaya wake ni bei, na kwamba kikiungua mlimani hakuna duka la jirani lenye kingine. Kompyuta ya Linux yenye kadi ya milango 16 ilikuwa na vipuri sokoni. Hapo mama alikuwa na haki ya kuipendelea PC. Anayechagua Windows NT angefaa kujua pia kwamba toleo la seva liliruhusu simu 256 kuingia kwa pamoja, na toleo la kituo cha kazi liliruhusu moja tu, hata kompyuta iwe na nguvu kiasi gani.

Mpaka hapa mzee wa Posta amenyamaza. Anapoingia, anauanzia mjadala upande wa pili.

"Mmehesabu milango, sawa. Laini mmeomba ngapi?"

Modemu 16 ni laini 16 za simu, na laini haikuwa kitu cha kuagiza Jumatatu kikaja Ijumaa. Kenya nzima ilipoingia mwaka 2000 haikuwa na laini za mezani laki 4, na katika miji midogo nyaya za ardhini zilijaa kabla ya waombaji kuisha. Laini 16 zinazopewa namba moja, simu ikikuta ya kwanza ina mtu irukie ya pili na kuendelea, zilihitaji jozi 16 za nyaya kutoka kituo cha simu hadi mlangoni. Kituo chenyewe nacho kilijengwa kwa imani kwamba watu hawaongei wote kwa pamoja. Simu ya kawaida ni dakika chache. Ya intaneti ni nusu saa, au jioni nzima. Kundi dogo la modemu huweza kujaza njia za ndani za kituo kidogo, hata anayepiga hospitali akasikia mlio wa shughuli. Hoja hii ya mzee huchukuliwa mara nyingi kama lalamiko la watu wa simu, lakini ni kikomo cha mitambo kama kile cha chipu, na walioumia kwacho hawakuwa hata wateja wa intaneti.

Mzee huyohuyo ndiye anayeleta hesabu iliyomsumbua mama kuliko zote. Mhandisi wa Denmark, Agner Krarup Erlang, alionyesha mwanzoni mwa karne ya 20 jinsi ya kukadiria laini zinazotakiwa kwa mzigo fulani wa simu. Tukikubali kwamba mpigaji mmoja kati ya 100 akute laini zote zimeshikwa, laini 15 hubeba saa 8.1 za mazungumzo ndani ya saa moja. Laini 30 hazibebi mara mbili yake. Hubeba saa 20.3. Ikiwa kila mteja hukaa nusu saa, kundi la laini 15 huhudumia wapigaji 16 kwa saa, na kundi la laini 30 huhudumia 40. Kundi kubwa hupoteza kidogo, kwa kuwa pengo la mmoja huzibwa na mwingine.

"Basi!" anasema mama. "Niweke laini zote 30 Embu, Meru wapige huko. Nikizigawa kumi na tano kwa kumi na tano nahudumia wapigaji 32, nane wanarudi nyumbani."

"Hesabu yako imekaa sawa, mama," anajibu mzee, "lakini mtu wa Meru akipiga Embu amepiga nje ya eneo lake. Atalipa masafa. Hao wanane uliowaokoa ni bili za watu wa Meru wote."

Hoja ya mzee inashinda, na ndiyo inayoutenganisha mpango wa milimani na wa jiji. Nairobi ingeweza kukusanya laini zote mahali pamoja na kuvuna faida ya Erlang, maana wateja wake walikuwa ndani ya msimbo mmoja. Meru na Embu, ingawa barabara ya Chuka inaziunganisha kwa safari ya asubuhi moja, kwa simu zilikuwa nchi mbili. Kila mji ulihitaji kundi lake, dogo na lenye hasara ya udogo.

Fundi anarudi na ahadi ya mtambo wa dijitali. Kituo cha simu cha dijitali kinaweza kutoa laini ya E1, yaani biti milioni 2.048 kwa sekunde zilizogawanywa nafasi 32, ambapo 30 hubeba simu, moja hupanga mapigo na moja hubeba ishara. Simu 30 huingia kwa kebo moja badala ya jozi 30, na kisanduku kama PortMaster 3 hupokea E1 mbili, simu 60, modemu zake zikiwa chipu za ndani. Rundo la adapta za umeme linaondoka. Faida nyingine ni kasi: kiwango cha V.90 cha 1998 kinachofikisha karibu biti 56,000 kwa sekunde kwenda kwa mteja hakiwezekani kamwe kati ya modemu mbili za kawaida. Lazima upande wa kituo uwe dijitali, sauti igeuzwe mara moja tu njiani. Wateja waliouziwa modemu za 56K katika miji ambayo kituo chake cha intaneti kilitumia laini za kawaida hawakupita 33,600, na haikuwa kosa la modemu zao. Waliokaa mwisho wa laini ndefu za shambani, au waliobebwa na mitambo ya redio inayobana sauti, walishuka hata chini ya 9,600.

Mzee hapingi E1. Anauliza jambo moja: data hiyo yote itatokea wapi?

Kikomo kinachofunika vingine vyote ni laini ya kukodi ya kwenda Nairobi. Tuchukue laini ya biti 64,000 kwa sekunde, ambayo kwa kituo cha mji mdogo haikuwa ndogo. Inapitisha baiti 8,000 kila sekunde. Wateja 16 wa 33,600 wana uwezo wa kuvuta biti 537,600, zaidi ya mara nane yake. Ni kweli hawavuti kwa pamoja. Mtu akisoma, laini yake imelala. Lakini wanne tu wakivuta kwa wakati mmoja wanahitaji 134,400, na laini haina. Ukurasa wa baiti 60,000 ambao modemu ingeufikisha kwa sekunde 14 unachukua 30. Mteja analaumu seva.

Hapa hesabu ya fundi ya mikatizo inageuka. Ikiwa kila kitu kinatoka Nairobi, milango yote 16 kwa pamoja inagawana baiti 8,000 kwa sekunde, pungufu ya zile ambazo mlango mmoja peke yake ungeweza kupitisha. Prosesa iliyohofiwa kulemewa inakaa ikisubiri. Hatari ya chipu ya baiti moja inabaki palepale, kwani baiti hupotea kwa kuchelewa hata mteja awe mmoja. Lakini hofu ya wingi wa mikatizo, iliyoujaza mwanzo wa mjadala, haina chakula. Hata E1 yenye simu 30 juu ya laini ya kukodi ya 64,000 ingewapa wateja miluzi mizuri zaidi na kurasa zilezile za polepole.

"Basi nimenunua kompyuta bure," anasema mama.

"Hapana mama, umeinunua kwa kazi nyingine," fundi anajibu, na sasa yeye na mzee wako upande mmoja. Seva inaweza kuweka nakala za kurasa zinazoombwa mara kwa mara, kwa programu kama Squid iliyotoka 1996, na kuzitoa hapohapo bila kwenda Nairobi. Mwongozo wake wa kawaida ni megabaiti 10 za kumbukumbu kwa kila gigabaiti 1 ya nakala diskini, kwa hiyo diski yenye gigabaiti 4 za nakala inataka megabaiti 40 kwa kazi hiyo pekee. Barua nazo zikikaa mjini, barua ya kutoka hospitali kwenda chuoni haivuki Thika ili irudi Meru. Huko ndiko fedha za kumbukumbu na diski huzaa kuliko fedha za milango. Na kadiri nakala zinavyofanya kazi vizuri, ndivyo milango inavyojaa kwa kasi yake kamili na kikomo cha mikatizo kinavyorudi. Ndipo ile kadi yenye prosesa yake inapostahili bei yake.

Njia ya zamani zaidi nayo haikustahili kusahauliwa. Mwanzoni mwa miaka ya 1990, kabla ya intaneti ya moja kwa moja, mashirika yasiyo ya serikali jijini Nairobi yalibadilishana barua kwa mfumo wa Fidonet uliohifadhiwa na Environment Liaison Centre International. Mtu aliandika barua zake zote simu ikiwa chini, modemu ikapiga, ikakabidhi na kupokea kwa dakika chache, ikakata. Kwa utaratibu huo modemu moja huhudumia makumi ya watu kwa siku. Shule au zahanati inayotaka barua tu haikuwa na sababu ya kushika laini nusu saa.

Umeme unasemwa kwa kifupi, ingawa ndio uliochoma vifaa vingi. Modemu 16 za nje zina adapta 16, zote zinatoa joto, na zikilazwa moja juu ya nyingine za katikati huanza kukata simu zenyewe. Ukame wa 1999 na 2000 ulishusha maji ya Masinga na mabwawa mengine ya Tana, na nchi ikaingia kwenye mgao wa umeme, Embu iliyo jirani na mabwawa hayo ikiwemo. Betri ya akiba ilipaswa kubeba modemu pamoja na seva. Kuikinga seva peke yake hakukutosha. Mvua za Oktoba hadi Desemba, ambazo upande huu wa mlima huzitegemea kuliko za masika, huja na radi, na radi huingia kwa nyaya za simu pia, si za umeme tu. Kila laini inahitaji kinga yake na waya wa ardhini ulio imara.

Mama anaomba aambiwe namba. Fundi na mzee wanakubaliana: Meru laini 16 kwenye Pentium moja ya Linux, kadi yenye prosesa yake, chipu za 16550A au bora, megabaiti 128 za kumbukumbu, Embu laini 8 kwa mpangilio huohuo, na kadi ya 16 tayari ndani. E1 isubiri hadi laini ya kukodi ifike walau biti 256,000. Na kabla ya kadi kuagizwa, barua ya kwanza iandikwe Telkom kuomba laini ya kukodi ya Nairobi, kwa sababu ndiyo inayochukua muda mrefu kuliko vyote kupatikana.